Riwaya Zifaazo Kusomwa Nyumbani

Wako wazee miongoni mwetu ambao wakimwona kijana ameinamia kitabu cha hadithi humwuliza, "Hicho ni cha shule?" Akijibu kuwa sicho, huambiwa akiweke, akashike kitabu chenye manufaa. Wazee hao hawana nia mbaya. Wamekwisha kuona vitabu vya mitaani vyenye picha za aibu juu ya majalada, na ndani yake maneno yasiyoweza kusomwa mbele ya mama. Basi wamezihukumu hadithi zote kwa hukumu moja. Lakini hukumu hiyo si ya haki, na hasara yake yaiangukia nyumba yenyewe. Kwani kijana anyimwaye hadithi njema haachi kutafuta hadithi. Huitafuta penginepo, katika simu iliyo mkononi mwake, ambako hapana mzee wa kumchagulia wala wa kumwuliza amesoma nini.

Makala hii, basi, yawahusu wazazi na vijana kwa pamoja. Twataka kutaja riwaya chache zilizoandikwa kwa Kiswahili, pamoja na moja iliyofasiriwa, ambazo twaona zastahili kuingia nyumbani mwetu, na kueleza kila moja yamfaa nani na kwa sababu gani. Hatukukusudia kuzitaja zote zilizo njema, maana hizo ni nyingi. Tutakazozitaja zatosha kumfungulia mtu mlango.

Je, hadithi ya kubuni ni uwongo?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo mzee mwenye kushika dini huuliza, nalo lastahili jibu. Mwongo ni mtu asemaye jambo lisilokuwako, akitaka uamini kwamba liko. Mtunzi wa riwaya hamdanganyi mtu. Tangu ukurasa wa kwanza msomaji ajua kuwa nchi ile na watu wale wametungwa, na kwamba ametegewa mfano ili azingatie. Nabibi zetu walipotukalisha jioni wakatusimulia habari za sungura na fisi, hawakuwa wakisema uwongo. Walikuwa wakitufunza akili.

Yafaa pia tukumbuke jinsi Qurani Tukufu inavyotufunza kwa visa. Sura ya Yusuf, ambayo ni ya 12 na ina aya 111, yasimulia kisa kimoja tangu ndoto ya utotoni hata siku ya ndugu kusameheana, na kisa hicho kimesifiwa humo humo kwa uzuri wake. Kisa cha Nabii Yusuf ni kweli tupu, wala hatukilinganishi na tungo za wanadamu. Twakitaja kwa sababu ya namna kilivyosimuliwa. Ndani yake mna husuda ya ndugu, mna mtoto aliyetupwa kisimani, mna mke wa mtu aliyemtamani kijana wa nyumbani mwake, mna singizio, mna kifungo cha mtu asiye na kosa. Hakuna baya katika hayo lililofichwa, wala hakuna lililopambwa likafanywa tamu.

Na wanavyuoni wa Kiislamu nao wametunga hadithi. Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusi aliyefariki mwaka 1185, alitunga habari za Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyekulia peke yake kisiwani akinyonyeshwa na paa. Yule paa alipokufa, mtoto alipasua kifua chake atafute ni kitu gani kilichoondoka. Na kutoka swali hilo akaendelea kufikiri, hatua kwa hatua, hata akatambua kuwa yuko Muumba. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini kikapigwa chapa Oxford mwaka 1671, karibu miaka 50 kabla Daniel Defoe hajatoa Robinson Crusoe. Basi mwenye kudhani kuwa hadithi ndefu ya kubuni ni mchezo ulioletwa na Wazungu, ajue kwamba wazee wake katika dini waliutumia ufundi huo mapema, tena kwa jambo kubwa.

Kipimo cha kuchagulia

Kutokana na hayo twaweza kupata kipimo. Mzazi akishika riwaya asiulize, "Je, ndani yake mna dhambi?" Kwani hapana habari ya kweli juu ya wanadamu isiyokuwa na dhambi. Na aulize, "Je, mtunzi huyu ananitaka niipende dhambi, au ananionyesha asili yake na mwisho wake?" Kitabu ambacho mwizi ndani yake ni shujaa na aliyeibiwa ni mjinga ni kitabu kibaya, hata kama hakina neno moja la matusi. Na kitabu kinachoonyesha msichana aliyepotea, na kila mkono uliomsukuma mpaka akapotea, chaweza kuwaokoa mabinti wengi, hata kama kimewafanya wazee waone haya.

Tena liko jambo la umri. Chakula cha mtu mzima si sumu, lakini mtoto mchanga hapewi. Kwa hiyo tumezipanga riwaya hizi kwa madaraja matatu.

Kwa watoto wakubwa na vijana wanaoanza

Tuanze na marehemu Sheikh Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kitabu chake Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kingefaa kuwa cha kwanza katika kila nyumba yenye watoto zaidi ya mmoja. Adili ni liwali mwema, lakini kila usiku hulazimika kuwapiga manyani wawili, kisha akawabembeleza na kuwalisha huku akilia. Msomaji huvutwa na ajabu hiyo mpaka ajue kuwa manyani wale ni ndugu zake wa damu, waliomhusudu wakamtosa baharini, wakageuzwa na jini kwa ubaya wao. Mtoto akisoma hapo hufurahi kwamba waovu wamepata malipo yao. Lakini Adili hafurahi. Aliyetoswa ndiye anayewaombea waliomtosa. Katika nyumba ambamo kaka na dada hawasemezani kwa sababu ya kitu kidogo, kitabu hiki hufanya kazi ambayo makemeo ya baba hayakuiweza.

Cha pili cha mtunzi huyo huyo ni Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Hiyo ni nchi inayoelea angani, ambamo kijana Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea, husimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa pande nne za dunia, na juu mbinguni, na chini ardhini, wakatafute mambo mema ya kuifaa nchi yao. Na kila mmoja aliporejea na hazina yake alitupwa kifungoni. Wakati kitabu hiki kilipotoka, Tanganyika ilikuwa bado chini ya utawala wa Waingereza, na wasomaji wengi walielewa ni nchi gani iliyokuwa ikisemwa. Kiswahili chake ni kizito kidogo. Yafaa kisomwe kwa sauti na mtu mkubwa, na maneno magumu yaelezwe. Kijana atakayekimaliza atakuwa amejifunza kwamba hoja njema, ikisemwa kwa adabu, yaweza kusimama hata mbele ya mwenye upanga.

Kwa vijana wapendao mambo ya siri na upelelezi, wako kwa Bwana Msa. Marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye pia alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima, alishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 kwa kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, kikapigwa chapa mwaka 1960. Mtu mwenye mali aonekana ameuawa penye mzimu, na watu wanaanza kunong'ona kuwa hiyo ni kazi ya mizimu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na sahibu yake Najum ubavuni, hakubali wala hakatai kwa haraka. Hutazama, huuliza, hulinganisha neno na neno. Mwisho yadhihiri kuwa palipodhaniwa mkono wa shetani palikuwa na mkono wa binadamu. Mwendo ni huo huo katika Kisima cha Giningi cha mwaka 1968. Kwetu sisi, ambao bado twasikia kila siku fulani amerogwa na fulani amechezewa, riwaya hizi ni dawa. Hazimhubirii kijana aache ushirikina. Zampa tabia ya kutafuta ushahidi kabla ya kumtuhumu jirani. Mtoto wa miaka 13 atasoma kwa ajili ya siri ya mauaji, na hiyo tabia itamwingia bila ya yeye kujua.

Cha mwisho katika daraja hili ni Siku Njema cha marehemu Ken Walibora wa Kenya, kilichotoka mwaka 1996. Kongowea Mswahili ni mtoto wa Tanga ambaye mama yake, mwimbaji wa taarabu, amefariki. Amebaki mikononi mwa jamaa wasiomtendea wema, kisha akafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Lugha yake ni nyepesi na tamu, na safari yenyewe haimpi msomaji nafasi ya kukiweka kitabu chini. Kila nyumba inayomlea yatima, au mtoto wa ndugu, yafaa iwe na kitabu hiki. Na mwenye kukisoma kwanza asiwe yatima, bali awe yule mama wa nyumbani ambaye hugawa chakula.

Kwa vijana waliokwisha pevuka

Kijana aliyefika miaka 16 au 17 amekwisha kuona na kusikia mengi kuliko wazee wake wanavyodhani. Huyu yafaa apewe vitabu vinavyosema naye kama mtu mzima.

Kwa vijana wa kiume hasa, twapendekeza Kuli cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979. Ni habari za Rashidi na wachukuzi wa bandari ya Unguja, na za mgomo mkubwa ambao kweli ulitokea huko mwaka 1948. Kijana anayeona kuwa kazi ya mikono ni aibu atakutana humo na watu waliobeba magunia migongoni pasipo kuuza heshima yao. Atajua pia kwamba haki waliyoipata wafanyakazi haikushuka kama mvua, watu waliishindania.

Kwa mabinti na kwa baba zao, kipo Utengano cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka mwaka 1980. Hapa ndipo wazazi wengi hushtuka. Bwana Maksuudi ni mtu mkubwa mjini; mke wake na binti yake Maimuna amewafungia ndani, na yeye mwenyewe huko nje huishi apendavyo. Maimuna hakufunzwa kujilinda, alifungiwa tu. Siku aliyopata mwanya alikimbia, na ulimwengu ukampokea kwa namna yake. Wako wasemao kuwa kitabu hiki chawafunza mabinti kukimbia. Sisi twasema ni kinyume chake: chawafunza baba kwamba kufuli si malezi, na kwamba heshima isiyokuwa na mfano mwema wa mwenye nyumba ni ukuta wa karatasi.

Funzo hilo hilo lilikwisha tolewa kutoka upande mwingine wa nchi. Marehemu Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Nyumba ile ni ya Kikristo, na kisiwa ni cha Ziwa Viktoria, si cha Bahari ya Hindi. Lakini Zakaria, baba ampigaye binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, ni mtu ambaye sote twamjua. Rosa aliyeogopeshwa nyumbani hakuwa na nguvu alipofika mahali pasipokuwa na wa kumwogopa, na mwisho wake ni msiba. Kitabu hicho kilipotoka kilipigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa muda, kwa kuwa kilisema wazi yale ambayo watu walizoea kuyanong'ona. Hiki na Utengano havifai kwa watoto. Lakini msichana anayejiandaa kwenda bwenini au chuoni mbali na nyumbani, ni afadhali avisome akiwa bado karibu na mama yake, aweze kumwuliza, kuliko akutane na mambo hayo hayo akiwa peke yake.

Kwa watu wazima

Wazee nao wasidhani kwamba kusoma ni kazi ya wanafunzi. Mtu aliyeoa au kuolewa, aliyerithi au atakayerithisha, ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kujitazama katika kioo.

Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Nyota ya Rehema mwaka 1976. Rehema ni mtoto wa tajiri Fuad, lakini alipozaliwa na rangi nyeusi kuliko alivyotazamia baba, upendo wa baba ukapoa. Akakua kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Alikuja kupata utulivu kwa Sulubu, mkulima maskini mwenye mikono migumu na moyo safi, nao wakalihuisha shamba walilopewa. Kisha likazuka suala la nani mwenye haki ya ardhi ile. Mwislamu atakayesoma kitabu hiki atajiuliza mambo mawili. La kwanza: je, nimewahi kumpendelea mtoto mmoja kwa weupe wake au nywele zake? La pili: je, ahadi nilizozitoa kwa mdomo juu ya nyumba na mashamba zimeandikwa na kushuhudiwa, au nawaachia watoto wangu ugomvi?

Adam Shafi alirudi mwaka 1999 na Vuta N'kuvute, kilichofanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Unguja, aliyeozwa akiwa bado mdogo kwa mwanamume aliyekuwa mkubwa mno kwake, pasipo moyo wake kuulizwa. Alipoikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wakamfungia mlango. Twasema kweli ili mzazi asije akalaumu: ndani ya kitabu hiki mna ulevi na mapenzi yasiyokuwa ya ndoa, na mtunzi hakuyafunika. Kwa ajili hiyo tumekiweka katika daraja hili. Lakini walii anayekusudia kumwoza binti yake bila ya ridhaa yake, huku akijua kuwa dini yampasa kumtaka idhini, na akisome mpaka mwisho kabla hajapokea mahari.

Cha mwisho ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Kitabu hicho alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 kilitoka kwa Kiswahili kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hapa twarudi tulikoanzia. Mtoto wa miaka 12, jina lake Yusuf, atolewa na wazazi wake kwa tajiri aitwaye ami Aziz, naye hajui kuwa ametolewa kwa ajili ya deni la baba yake. Atatumikishwa dukani, atapelekwa bara na msafara wa biashara, na katika nyumba yenye bustani iliyozungushiwa ukuta mke wa tajiri atamtamani, mpaka shati lake lichanwe kwa nyuma. Mwenye kuijua Sura ya Yusuf atasisimka kila hatua, na ataona mahali ambapo mtunzi ameiacha njia ile: Yusuf huyu hapati ufalme, wala ndugu hawaji kumwomba radhi. Atabaki na swali zito, ni watoto wangapi wa pwani yetu na wa bara yetu waliowekwa rehani na wazee wao, na wangapi hata leo wapelekwao kutumika katika nyumba za watu kwa jina la kulelewa.

Namna ya kusoma nyumbani

Kununua kitabu na kukiweka juu ya kabati hakumfai mtu. Twashauri mambo manne, na yote ni mepesi.

Kwanza, mzazi asome kabla ya mtoto. Asipojua kusoma, au macho yake yakiwa yamechoka, amwombe mkubwa wa watoto amsomee. Kitabu ambacho hukukisoma huwezi kukikataza kwa haki, wala kukipendekeza kwa uhakika.

Pili, itengwe nusu saa baada ya sala ya Isha, mara mbili au tatu kwa juma, simu ziwekwe mbali, na mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Kila mtu na apewe zamu. Mtoto mwenye kigugumizi na asichekwe.

Tatu, msomaji anyamaze mahali panaposhtua, aulize, "Lau ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Hapa ndipo faida kubwa ya riwaya ilipo. Yako mambo ambayo haya hairuhusu baba na binti kuyasema uso kwa uso: habari za kuozwa, za kutamaniwa, za kupendelewa kwa mtoto mmoja. Lakini wote wawili waweza kusema juu ya Maimuna au juu ya Rehema bila kuoneana aibu. Na kila mmoja atamfahamu mwenziwe. Binti anaposema, "Maimuna alikosa mtu wa kumwambia," baba mwenye masikio atasikia asichoambiwa.

Nne, kitabu kikishamalizwa kiazimwe kwa jirani, na chake kiazimwe kwetu. Nyumba kumi zikinunua kitabu kimoja kimoja, kila nyumba yapata vitabu kumi. Na pasipokuwa na fedha kabisa, iko maktaba ya shule, na pengine ya msikiti. Huko yafaa tuulizie vitabu hivi kwa majina.

Wazee wetu walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Riwaya njema humwonyesha kijana ulimwengu huo angali katika nyumba ya wazazi wake, taa inawaka na mama yuko karibu. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe nyumba za elimu na mazungumzo mema. Amin.